Kutouma si kushika

Juzi msomaji wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, wiki ya tatu sasa tangu niwekewe skrubu ya jino, haiumi hata kidogo. Muhindi wa kuchoma ruksa?" Skrubu hiyo ni mzizi wa chuma unaofungwa ndani ya taya ubebe jino bandia. Nilikuwa Kibirizi, hapa Kigoma, nangoja dagaa wangu wapimwe, ulimi ukaenda wenyewe kugusa jino la chini kulia. Hapana, ndugu yangu. Weka muhindi chini.

Mimi nilikula muwa. Wiki ya tatu hiyohiyo, pale Mwanga. Pikipiki nilikuwa nimeiuza, nimesafiri hadi Dar, na aliyeniwekea aliniambia "usile vigumu kwa muda" basi. Muda gani? Hata sigara hakuniuliza, na nilikuwa navuta. Muwa haukuniuma. Siku kumi baadaye nasukuma kwa ulimi, skrubu inacheza kama msumari kwenye ubao uliooza. Daktari mwingine akaizungusha kidogo, ikatoka, imevikwa utando wa nyama badala ya mfupa. Nimesamehe? Bado.

Huyu wa pili ndiye aliyenieleza. Titani, chuma cha skrubu hizi, ikipata hewa hujivika ganda la oksaidi, unene wake nanomita chache tu. Seli hukutana na ganda hilo, si chuma chenyewe. Damu inatangulia, protini zinatua, kisha seli za kujenga mfupa zinakuja kupapasa. Zikikuta uso laini kama kioo zinazaliana, ila zinachelewa kukomaa. Uso uliopigwa mchanga na kuchimbwa kwa asidi hadi ukawa na vibonde vya mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili, hapo zinanata na kuanza kutandaza mfupa. Fundi uashi anajua: ukuta laini lazima uuparuze ndipo plasta ishike. Ila plasta haina hasira, seli zinayo.

Maana wiki ya pili hadi ya nne, mfupa wa zamani ulioibana skrubu unaliwa kupisha mpya, na mpya bado mchanga. Itikise kupita mikromita 150 hivi, mwili unaacha mfupa na kusuka nyuzi. Ndio muwa wangu huo.

Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliona titani ikigoma kutoka kwenye mifupa ya sungura mwaka 1952, akamwekea mgonjwa wa kwanza 1965. Utaratibu wake ulikuwa kungoja miezi mitatu taya la chini, sita la juu. Sisi wa Kigoma tuna haraka ya nini?

Kwa hiyo subiri. Sigara acha, inadumaza mfupa. Kisukari kama unacho, kidhibiti kwanza. Halafu subiri tena. Mara ya pili nilikaa miezi minne na ugali wa muhogo na mchuzi wa mgebuka, nikitafuna kushoto, na watu wakinicheka. Leo lina mwaka wa pili, halitikisiki.

Nimemjibu hivyo. Karudi: "Na karanga je?"