Swali la lugha: Nani anafanya huo “usawazishaji wa saa”?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa seva. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili mwongozo wa kuanzisha klasta mpya (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) ya kuhifadhia data kwa konsoli ya Ceph, programu inayounganisha diski za seva nyingi ziwe hifadhi moja. Kazini tumebishana: je, klasta “inasimikwa”, “inasanidiwa” au “inaundwa”? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: “Baada ya kufanya usakinishaji kwenye seva ya kwanza, usawazishaji wa saa ufanyike, kisha fanya uongezaji wa seva nyingine kwenye konsoli, na uundaji wa OSD utafanyika.” Naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba. Ubishi wenu una jibu fupi, kwa hiyo tuumalize kwanza. Seva husimikwa, yaani huwekwa mahali pake katika kabati na kufungwa. Programu husakinishwa. Klasta huundwa, kwa sababu kabla ya seva kuunganishwa haikuwapo. Kinachosanidiwa ni mipangilio: anwani, idadi ya nakala, ruhusa za watumiaji. Kusimika ni ndugu wa kusimama, ndiyo maana tunasimika nguzo na mlingoti, na hata askofu husimikwa. Vitenzi vyote vinne ni halali katika mwongozo wako, kila kimoja mahali pake.

Sasa tuje kwenye sentensi yako, maana humo ndimo ugonjwa ulimo.

Kufanya usakinishaji. Usawazishaji ufanyike. Fanya uongezaji. Uundaji utafanyika. Vitenzi vinne vizima vimenyongwa, vikageuzwa nomino, kisha kikaazimwa kitenzi “fanya” kije kubeba maiti zao. Mtindo huu umeenea kila mahali. Taarifa ya ofisi haisemi tena “tumekagua”, inasema “tumefanya zoezi la ukaguzi”. Mkubwa hazindui mradi, anafanya uzinduzi wa mradi. Simu nayo inamwambia mwenyewe “fanya uthibitishaji wa nenosiri” wakati “thibitisha nenosiri” ingetosha na nafasi ikabaki. Wanaoandika hivyo wanadhani nomino ndefu ina heshima kuliko kitenzi kifupi. Haina. Imejaa upepo, na katika mwongozo wa ufundi upepo huo unaleta hasara.

Tazama kitenzi cha Kiswahili kinavyofanya kazi. “Nitaziongeza” ni neno moja tu, na ndani yake yumo mtendaji, umo wakati, zimo seva zenyewe, kimo na kitendo. Chukua sasa “uongezaji ufanyike”. Umetumia maneno mawili, na mtendaji hayumo. Mtafute, hutampata. Katika barua ya pongezi hilo halimdhuru mtu. Katika klasta ya kuhifadhia data, ambamo kazi nyingine ni za fundi na nyingine ni za konsoli, mtendaji ndiye habari yenyewe. Fundi anasoma mwongozo wako ili ajue jambo moja: hapa nifanye, au hapa ningoje?

Anza na hiyo saa. “Usawazishaji wa saa ufanyike.” Na nani? Msomaji wako atadhani ni kazi ya konsoli, kwa sababu konsoli ndiyo iliyo mbele yake. Atakosea. Seva mpya inapoongezwa, cephadm, programu ya Ceph inayosimamia seva za klasta, hukagua tu kama kuna huduma ya saa inayofanya kazi, kwa mfano chrony. Ikiwa hakuna, seva inakataliwa. Ikiwa ipo, seva inapita, hata kama inafuata chanzo cha saa kisichokuwa cha wenzake. Baadaye, saa za monita (programu zinazoangalia hali ya klasta nzima) zikipishana kwa zaidi ya sekunde 0.05, dashibodi, yaani konsoli hiyo hiyo kwenye kivinjari, inageuka HEALTH_WARN (onyo la afya), na fundi anaanza kukagua nyaya na diski zisizo na kosa lolote. Andika hivi: “Sawazisha saa za seva zote kwa chanzo kimoja kabla ya kuziongeza, konsoli haitakufanyia.” Kiambishi -ku- kidogo kiasi hicho kimemweleza mtu kwamba kazi ni yake.

Njoo kwenye diski, ambako nitakaa zaidi, maana “uundaji wa OSD utafanyika” ndiyo sentensi mbaya kuliko zote ulizoniletea. OSD ni programu inayosimamia diski moja ndani ya Ceph: diski kumi na mbili, OSD kumi na mbili. Konsoli haichukui diski yoyote inayoiona. Hutaka diski iwe kubwa kuliko GB 5, isiwe na kigawanyo (partition) wala alama ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), isiwe na mfumo wa faili, isiwe imepachikwa (mount) mahali popote kwenye mfumo, na isiwe na mabaki ya OSD ya zamani. Diski iliyotumika kwingine ikabaki na kigawanyo kimoja tu haipatikani kwa kazi hiyo. Kwa hiyo fundi aliyeambiwa “uundaji utafanyika” ataketi angoje, na uundaji hautafanyika. Ilibidi aambiwe aifute diski hiyo yeye mwenyewe, kwa mfano kwa ceph orch device zap seva2 /dev/sdb --force, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna data anayoihitaji, kwa kuwa amri hiyo haiachi kitu. Kazi ya hatari namna hiyo ukiiandika “ufutaji wa diski ufanyike”, umemficha anayebeba lawama.

Lakini kuna ubaya mwingine, nao uko kwenye wakati. Ceph ina amri hii: ceph orch apply osd --all-available-devices. Maana yake ni kwamba diski zote tupu zitwaliwe. Wengi wakiieleza kwa Kiswahili wataandika “konsoli itachukua diski zote tupu”, nami nitafurahi kwamba angalau mtendaji amerudi. Bado haitoshi. “Itachukua” inaeleweka kama mara moja: leo, sasa hivi, basi. Amri hiyo si ya mara moja. Ni agizo linalobaki. Diski tupu utakayoichomeka miezi sita baadaye kwa kazi nyingine itatwaliwa na kufanywa OSD. Hata diski uliyoitoa kwenye klasta ukaifuta inaweza kurudishwa kazini mara tu inapoonekana tupu, na fundi akabaki anafuta na mfumo unarudisha.

Kiswahili kina kiambishi cha jambo hili hasa, nacho ni hu-. “Konsoli huchukua kila diski tupu inayoiona.” Herufi mbili zimebeba onyo zima: ndiyo desturi yake, jana, leo na kesho. Hapo msomaji mwenyewe atauliza, “Nitaizuiaje?”, na utamjibu: “Usipotaka ichukue diski mpya bila kukuuliza, endesha amri ile ile ukiongeza --unmanaged=true.” Sasa jaribu kuipachika hu- kwenye “uundaji wa OSD”. Haiingii. Nomino haijui desturi, haijui sharti, wala haijui katazo. “Usiongeze seva” ni katazo safi. “Uongezaji wa seva usifanyike” ni tangazo la kubandika ukutani.

Ugonjwa huu una binamu yake, “upatikanaji wa”. Utakuta mwongozo umeandika: “Kwa seva tatu zenye diski nne za TB 4 kila moja, kutakuwa na upatikanaji wa TB 48.” Nani atazipata? Hakuna. TB 48 ni jumla ya diski. Kwa kawaida Ceph huweka nakala tatu za kila kipande cha data, kila nakala kwenye seva yake, kwa hiyo mtumiaji atapata TB 16. Hata hizo asizijaze: diski ikifika asilimia 85 mfumo unaonya, na ikifika 95 unakataa kuandika. Ukilazimika kuandika “utapata”, kichwa kitakulazimisha kupiga hesabu ya huyo anayepata. “Upatikanaji” haukulazimishi chochote.

Nimeiandika upya sentensi yako ikawa aya, kwa sababu ilikuwa imeficha hatua ambazo msomaji hawezi kuziruka:

“Sakinisha cephadm kwenye seva ya kwanza, kisha endesha cephadm bootstrap --mon-ip ukifuatisha anwani ya seva hiyo. Amri ikimaliza itakuonyesha anwani ya dashibodi, jina la mtumiaji admin na nenosiri la muda. Fungua anwani hiyo kwenye kivinjari, mlango (port) 8443, uingie. Dashibodi itakutaka ubadilishe nenosiri. Sawazisha saa za seva zote kwa chanzo kimoja. Nakili ufunguo ulio katika /etc/ceph/ceph.pub kwenye akaunti ya root ya kila seva utakayoongeza. Bila ufunguo huo konsoli haiwezi kuingia humo. Rudi kwenye dashibodi, bofya ‘Expand Cluster’, uongeze seva kwa jina lile lile linalotokea ukiandika hostname ndani yake. Katika hatua ya diski, hesabu zinazoonekana. Zikipungua, futa zile zenye mabaki, kisha endelea. Pitia muhtasari wa mwisho kabla ya kukubali.”

Hesabu sasa ni mara ngapi “fanya” imetokea. Hakuna hata moja, na hakuna hatua ambayo fundi atajiuliza kama ni yake au ya mashine. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini. Usiyatafsiri: msomaji atatafuta kitufe cha “Panua Klasta” mpaka jioni, na hakipo.

Sisemi nomino hizi zifukuzwe. Ufugaji, uandishi, uchaguzi na ukaguzi ni majina mema ya shughuli, nasi hatuwezi kuishi bila hayo. Kichwa cha sura kiandike “Uundaji wa klasta” ukipenda, sitakugombeza. Kichwa ni mahali pa nomino. Hatua ni mahali pa kitenzi, na hapo silegezi. Najua vilevile kwamba kuna bosi atakayerudisha rasimu yako akitaka “fanya uongezaji” kwa sababu “inasikika rasmi”. Mwonyeshe ile sentensi ya saa, umwombe akutajie mtendaji.

La mwisho, ingawa hukuliuliza. Najua mwongozo wako utaishia na “klasta imeundwa kwa mafanikio”, maana miongozo yote siku hizi huishia hivyo. Kitu kikiundwa kimeundwa. “Kwa mafanikio” hapo ni mkia wa Kiingereza. Kiufundi pia ni uongo: hatua za dashibodi zikiisha, mfumo bado unaanzisha huduma na OSD nyuma ya pazia, na unaweza kukaa HEALTH_WARN kwa muda. OSD zikiwa pungufu ya tatu, onyo linabaki hapo hapo, kwa kuwa nakala tatu hazina pa kukaa. Badala yake andika: “Subiri dashibodi ionyeshe HEALTH_OK (hali njema). Ikibaki HEALTH_WARN, soma onyo lililoandikwa chini yake, na usiweke data yoyote mpaka uliondoe.”