TSH imeshuka lakini bado iko juu: je, ni wakati wa kuongeza dozi?

Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja kwa sababu yanafanana sana na yale niliyopitia mimi. Umesema kwamba uligundulika kuwa na upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi, TSH yako ikiwa 18, ukaanzishiwa levothairoksini (vidonge vinavyoziba pengo la homoni hiyo) ya mikrogramu 50 kwa siku, na baada ya wiki nne umepima tena na kukuta TSH ni 7.2 huku T4 huru, yaani homoni ya thairoidi iliyo huru kwenye damu, ikiwa 13 pmol/L. Bado unachoka, unameza pia vidonge vya madini ya chuma kila asubuhi, na daktari amekuambia usubiri. Unauliza kama kuna ubaya wowote ukijiongezea mwenyewe hadi mikrogramu 100. Mimi si daktari, ni mgonjwa mwenzako ninayemeza dawa hii kwa miaka mingi kutokana na ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi ya thairoidi. Kwa ninavyoyaona majibu yako, daktari yuko sahihi, kwa kuwa hiyo 7.2 ni namba ambayo bado haijatulia, na huenda nusu ya tatizo lako haimo kwenye ukubwa wa dozi hata kidogo.

Tuanze na TSH yenyewe, maana wengi huisoma kana kwamba ni homoni ya thairoidi. TSH hutolewa na tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi itengeneze homoni zake, T4 na T3. Pituitari ni kama mnyapara: ukisikia anapaza sauti, ujue kazi haiendi, na akinyamaza kabisa, kazi imepita kiasi. Ndiyo maana namba hupanda homoni inapopungua na hushuka homoni inapozidi. Jambo ambalo halielezwi mara nyingi ni kwamba sauti hiyo haipandi na kushuka kwa uwiano ulio sawa na homoni. Badiliko dogo la T4 kwenye damu huzaa badiliko kubwa la TSH, kiasi kwamba T4 inaweza kuwa bado ndani ya kiwango cha kawaida wakati TSH imekwisha kuvuka mpaka wake kwa mbali. Kwa watu wazima maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha TSH kati ya takriban 0.4 na 4.0 mIU/L, ingawa mipaka hutofautiana kidogo kati ya maabara moja na nyingine.

Kwa hiyo hesabu uliyoifanya, kwamba mikrogramu 50 zimekuondolea zaidi ya nusu ya TSH na mikrogramu 50 nyingine zitaondoa iliyobaki, haikubaliani na namna mwili unavyofanya kazi. Mtu aliye kwenye 7.2 mara nyingi huhitaji nyongeza ya mikrogramu 12.5 au 25 tu kufika anapotakiwa, na wapo ambao hawahitaji nyongeza yoyote isipokuwa muda. Kuongeza dozi maradufu kunaweza kukurusha kutoka upande wa upungufu hadi upande wa kuzidiwa.

Kuhusu muda, T4 hutoka mwilini polepole sana: huchukua takriban wiki moja kwa nusu ya kiasi kilichomo kuondoka. Faida yake ni kwamba kusahau kidonge cha siku moja hakukuangushi, lakini gharama yake ni kwamba dozi mpya huchukua wiki kadhaa kujikusanya hadi kufikia kiwango chake cha kudumu, na pituitari nayo huchelewa kuitikia, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu na upungufu. Ndiyo sababu madaktari hupima tena baada ya wiki sita hadi nane tangu dozi ianze au ibadilishwe. Majibu ya wiki nne hukuonyesha mwelekeo, na mwelekeo wako ni mzuri, lakini hayakuonyeshi itakapoishia. Ukibadilisha dozi leo utakuwa umeharibu kipimo cha mikrogramu 50 kabla hakijakamilika, na utakapopima tena hutajua ni dozi gani iliyoleta majibu hayo.

T4 huru ya 13 isikutishe wala isikufurahishe mno. Maabara nyingi zinazotumia pmol/L huweka mpaka wa chini karibu na 9 au 10 na wa juu karibu na 19 hadi 22, kwa hiyo wewe uko ndani lakini upande wa chini. Nyingine hutumia ng/dL, na hapo namba huonekana ndogo zaidi kwa kuwa 1 ng/dL ni takriban 13 pmol/L. Nimewaona watu wakishtuka kwamba homoni yao imeporomoka, kumbe wamebadilisha maabara na kipimio kimebadilika. Inafaa pia kujua kwamba T4 huru hupanda kwa saa chache baada ya kumeza kidonge, kwa hiyo aliyemeza saa mbili kabla ya kutolewa damu ataonekana ana homoni nyingi kuliko alivyo kwa kawaida. Mimi hutoa damu asubuhi, kisha ndipo nameza kidonge cha siku hiyo, na hujitahidi kurudi maabara ileile. Wapo pia wanaoruka vidonge kwa wiki kadhaa, halafu wakavimeza kwa bidii siku chache kabla ya kipimo. Hao hutoka na T4 nzuri pamoja na TSH ya juu, na daktari mwenye uzoefu akiona picha hiyo huuliza kwanza kuhusu umezaji kabla ya kugusa dozi.

Sasa nije kwenye vidonge vyako vya chuma, ambavyo kwangu ndiyo habari kubwa zaidi katika maelezo yako. Madini ya chuma hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe, na kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Vyote viwili vinapaswa kutenganishwa na dawa hii kwa angalau saa nne. Mimi mwenyewe TSH ilipanda wakati fulani bila dozi wala chapa ya dawa kubadilika, na kwa muda mazungumzo yote na daktari yalikuwa juu ya kuongeza mikrogramu, mpaka alipouliza ni nini kingine ninachomeza asubuhi. Nilikuwa nimeandikiwa kalsiamu kwa ajili ya mifupa na nilikuwa ninaimeza pamoja na kifungua kinywa, muda mfupi baada ya levothairoksini. Tuliihamishia usiku, dozi ikabaki palepale, na kipimo kilichofuata TSH ilikuwa imerudi mahali pake. Kama tungeongeza dozi, halafu siku moja nikaacha kalsiamu, ningejikuta nimezidiwa homoni bila kuelewa imetoka wapi.

Kanuni ya kumeza ni rahisi kuieleza kuliko kuifuata: tumbo tupu, maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kahawa. Asiyeweza asubuhi anaweza kumeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya mlo wa mwisho, mradi asibadilishebadilishe. Dawa za kupunguza asidi tumboni na vyakula vya soya navyo vinaweza kupunguza ufyonzwaji. Kitu kingine cha kuangalia ni baiotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha: hiyo haiathiri dawa bali huvuruga baadhi ya mashine za maabara, ikaonyesha TSH ya chini na T4 ya juu isivyo kweli. Iache kwa angalau siku mbili kabla ya kipimo, na zaidi ya hapo ikiwa unatumia dozi kubwa.

Nakushauri usijiongezee kwa sababu najua upande wa pili ulivyo. Daktari aliwahi kunipandisha kutoka 75 hadi 100, uamuzi ambao kwa namba za wakati ule ulikuwa na mantiki, na baada ya wiki kadhaa nilianza kusikia moyo ukienda mbio nikiwa nimelala, mikono ikitetemeka, usingizi ukikatika. TSH ilikutwa 0.1. Tulimaliza kwa kubadilishana, siku moja 75 na inayofuata 100, jambo linalowezekana kwa sababu dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na mwili huhisi wastani wake. Kuzidiwa kwa muda mrefu huongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio na huipunguza mifupa uimara, hasa kwa wazee na wanawake waliokoma hedhi. Ile hesabu ya mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, ambayo huenda umeikuta mahali, inamhusu mtu ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa au imeondolewa. Ambaye tezi yake bado inatoa kiasi huhitaji pungufu, na mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza chini kabisa, 12.5 au 25.

Uchovu wako nauheshimu, lakini sidhani kwamba wote unatokana na thairoidi. Mtu hapewi madini ya chuma bila sababu, na upungufu wa damu huchosha kwa namna inayofanana mno na hii. Omba damu na akiba ya chuma viangaliwe pamoja na TSH. T3 sioni haja ya kuilipia kwa sasa, na kingamwili zinazoishambulia tezi zikishapimwa mara moja kuthibitisha chanzo, kuzirudia hakubadilishi dozi.

Haya yote yana watu yasiowahusu. Ukigundua una ujauzito, usisubiri wiki nane: wasiliana na daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa mahitaji hupanda mapema na mara nyingi dozi huongezwa kwa takriban asilimia 25 hadi 30. Aliyeondolewa tezi kwa saratani anaweza kuwekewa TSH ya chini kwa makusudi, mwenye ugonjwa wa pituitari hufuatwa kwa T4 huru kwa kuwa TSH yake haiaminiki, na kwa wazee TSH iliyo juu kidogo ya mpaka mara nyingi huachwa bila dawa.

Kwako wewe, ningehamishia chuma mchana au jioni kuanzia kesho, nikamjulisha daktari kwamba nimefanya hivyo, kisha nikahesabu wiki sita hadi nane kuanzia siku hiyo, si kuanzia siku ulipoanza dawa, kwa sababu kubadilisha ufyonzwaji ni sawa na kubadilisha dozi. Ikiwa baada ya hapo TSH itakuwa bado imevuka 4, muulize kuhusu 62.5 au 75. Katikati ya muda huo, ukipata maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, au usingizi mzito usio wa kawaida pamoja na baridi kali mwilini, nenda hospitali bila kungoja tarehe ya kipimo.