Jibu: Star Wars na filamu ya Kurosawa, mbona sioni kufanana?

Salama mkuu. Unasema umeitazama The Hidden Fortress ya mwongozaji Mjapani Akira Kurosawa (1958) nusu saa nzima, ukitafuta alichochukua George Lucas kwenye Star Wars ya 1977, na umeona wakulima wawili wakigombana tu. Basi umeshakiona! Hao wakulima ndio wenyewe. Lucas mwenyewe amekiri kwamba kilichomvutia ni kisa kikubwa cha vita kusimuliwa kupitia watu wa chini kabisa.

Rudia mwanzo: wawili wanakokota miguu nyikani, wanalaumiana, kila mmoja anashika njia yake, kisha wanakutana tena wakiwa mateka. Halafu fungua Star Wars pale roboti wawili, C-3PO na R2-D2, wanapotua jangwani. Ni yale yale, ila hawa ni mabati.

Usianze na mapanga wala sayari, utachoka bure. Angalia kwanza nani anaibeba hadithi.

Ila Kurosawa si chanzo pekee. Yale maandishi ya mwanzo wa Star Wars yanayopanda juu yakififia yapo kwenye mfululizo wa filamu za anga za Flash Gordon wa 1940. Lucas alizitaka haki za Flash Gordon, akazikosa, ndipo akatunga yake. Ukipata The Dam Busters (1955), ruka hadi ndege za Waingereza zinapolipua mabwawa ya Ujerumani, uiweke sambamba na shambulio la Death Star, ile ngome ya angani ya maadui kwenye Star Wars. Hata mpigapicha Gilbert Taylor alifanya kazi kwenye filamu zote mbili. Mimi siuiti wizi, lakini hiyo sehemu ya ndege inakaribia.