Miezi 14 ya majani matupu: haibiskasi yangu na urea

Nilinunua haibiskasi yangu mwezi Januari, kwa mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Ilikuwa kwenye kiriba, ina maua matatu mekundu yaliyofunguka na vitumba sijui vingapi. Nikaipandisha hadi balkoni ya ghorofa ya tatu hapa Sinza. Ua la mwisho nililiona Machi. Baada ya hapo, majani tu. Miezi 14.

Na majani yenyewe mashallah: mapana, kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wageni wakaniuliza huo ni mti gani.

Kwanza tuelewane: nazungumzia haibiskasi ya mapambo, ile iliyokuwa uzio wa shule zetu za msingi, tuliyokuwa tukichana petali zake na kuzibandika puani. Siyo choya ya juisi. Ni ndugu, ila matunzo ni mbalimbali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa jua, na hili sikulijua mpaka nilipokaa kitako kufikiri. Balkoni yangu inatazama kusini. Kwa Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo nilinunua mmea wakati jua linaingia kwangu vizuri, miezi miwili baadaye likahamia upande wa jikoni, mimi nikabaki kulaumu udongo. Haibiskasi inataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku, isipungue. Mwanga wa "balkoni yangu si ina mwanga" hautoshi. Utapata majani.

Lakini Oktoba jua lilirudi na maua hayakurudi. Hapo ndipo urea inapoingia. Nilikuwa na mfuko mdogo nyumbani, na kila nilipoona mmea hauchanui naongeza kijiko. Kirutubisho cha urea ni naitrojeni tu. Namba yake mfukoni ni 46-0-0, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo. Naitrojeni ni chakula cha majani, na mmea ukishashiba majani hauoni sababu ya kuhangaika na maua. Jirani akanishauri nijaribu DAP, mbolea nyingine ya dukani, nikatia. Hiyo namba ya kati, fosforasi, ni 46, nayo fosforasi ikizidi kwenye chungu huuzuia mmea kupata madini ya chuma. Majani mapya yakaanza kutoka ya njano yenye mishipa ya kijani.

Mwezi Mei nikaubeba mzimamzima kwenye bajaji, nikamrudishia mzee wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeniletea mchicha?"

Akazamisha kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, akakitoa, akakinusa. Kilikuwa kimeshika tope jeusi. "Unamwagia kila siku, eti?" Kila siku, asubuhi na jioni. Akaugeuza ule mche na kuuchomoa: mizizi ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, inakatika kwa kuvutwa. Ya juu kidogo ilikuwa bado myeupe. "Ungekuja mwezi ujao ungekuja na kuni."

Alichofanya ndicho ninachofanya mpaka leo. Alikata mizizi iliyooza, akachanganya udongo wa kawaida, samadi iliyooza sawasawa na mchanga mnene wa mto, akatia na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Chombo kikawa kikubwa kidogo tu kuliko cha mwanzo, chenye matundu. Watu hupenda kuhamishia mche mdogo kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 ili usihame tena. Mizizi haifiki kote, maji yanalala chini, unarudi palepale. Kisha akatoa mkasi, akapogoa theluthi ya kila tawi, juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje. Iliniuma. Lakini haibiskasi huchanua kwenye machipukizi mapya, si kwenye tawi kongwe.

Mwenye nyumba aliniruhusu niuweke uani, karibu na tangi la maji. Sikuupeleka juani ghafla. Majani yaliyozoea kivuli huungua. Nilianza na jua la asubuhi, nikasogeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ua la kwanza lilifunguka katikati ya Agosti.

Maji sasa namwagia pale kidole kinapotoka kikavu, na nikimwagia namwagia mpaka yatoke chini. Kiangazi cha Januari hiyo inaweza kuwa kila siku. Julai, hata siku tatu. Maji ya bomba yakikatika tunatumia kisima, nacho cha kwetu kina chumvi: utaona ukoko mweupe mdomoni mwa chungu na ncha za majani zimeungua. Nikipata maji yasiyo na chumvi au ya mvua naosha udongo, ndoo nzima ipite na kutoka.

Mbolea nasoma namba ya tatu, potasiamu. Nataka iwe juu kuliko ya kati. Nikiikosa natumia NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5 za maji, kila wiki mbili, na udongo uwe umelowa kwanza. Jivu la mkaa sishauri. Lina potasiamu, kweli, ila linaupunguzia udongo asidi, na njano ile inarudi.

Vitumba vikianguka kabla ya kufunguka, usikimbilie dawa. Februari nilikwenda msibani Tanga siku tano. Narudi, vitumba vyote viko chini kwa kiu. Kama maji hayana tatizo, pasua kitumba juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyokimbia ni thripsi: okota vitumba vyote vilivyoanguka, vitupe mbali. Unga mweupe kama pamba kwenye vikonyo ni vidung'ata, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wafuate, watakuonyesha waliko. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja, jioni, chini ya majani hasa, asubuhi suuza. Na usiiweke jirani na bamia. Wadudu wao ni walewale.

Ua likisinyaa jioni ya siku lilipofunguka, usiogope. Mengi huishi siku moja tu. Leo asubuhi nimehesabu vitumba 11, na yule jirani wa DAP ameshaomba kipande cha kupandikiza. Nitampa, ila mfuko wake wa mbolea nitauona kwanza.