Kwa nini uzi mmoja wa DNA unakopiwa vipande vipande?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi nasoma PCB kidato cha sita, ticha katufundisha seli inavyokopi DNA, eti uzi mmoja unakopiwa moja kwa moja ila wa pili vipande vipande. Nimekariri tu, sielewi kwa nini yote isiende sawa. Na herufi zote hizo za DNA (A, T, G na C), inakuwaje haikosei?

JIBU: Salama mdogo wangu. Maswali yako mawili jibu lake ni moja, na ndo kitu nakipenda kuliko vyote kwenye hii topiki.

Nyuzi za DNA zimelala kinyume, kichwa cha mmoja kipo kwenye mkia wa mwenzake. Enzaimu ya helikesi inazifungua kama zipu, enzaimu nyingine, polimeresi, inafata nyuma inapanga A kwa T, G kwa C, ila yenyewe inajua kuongeza herufi kwenye ncha moja tu ya uzi mpya, inaitwa 3' (ncha ya pili ni 5'), na haianzi mpaka enzaimu ya praimesi iiwekee kipande kifupi cha RNA (ndugu wa DNA) cha kuanzia. Kwa hiyo uzi mmoja inateleza tu, wa pili inabidi kila zipu ikifunguka kidogo irudi ianze upya, ndo vinatokea vile vipande vya Okazaki (kwetu binadamu herufi 100 hadi 200 hivi, bakteria 1,000 hadi 2,000), halafu enzaimu ya ligesi inaviunga. Mume na mke, Reiji na Tsuneko Okazaki, ndo walivigundua kule Nagoya, Japani, miaka ya 1960, mume akafariki 1975 kwa leukemia (saratani ya damu) na mke akaendelea na kazi.

Sasa kwa nini polimeresi iongeze upande wa 3' tu? Kila herufi mpya inakuja na nguvu yake yenyewe ya kujiunga, so polimeresi ikiweka ya uongo inaikata, inaleta nyingine na kazi inaendelea. Ingekuwa inajenga kwa upande wa pili, nguvu ingekaa kwenye mnyororo wenyewe, ukikata tu umekwama. Vile vipande ni gharama ya kuweza kusahihisha. Bila kusahihisha inakosea kama herufi 1 kwenye 100,000, ikisahihisha na enzaimu za ukarabati zikipita nyuma inabaki kama 1 kwenye bilioni, na seli yako ina jozi za herufi kama bilioni 6!

Chache zinapenya kweli, selimundu ilianza na A moja kugeuka T kwenye jeni ya himoglobini.

Kwenye mtihani chora kwanza mishale ya 5' na 3' kwenye nyuzi zote mbili ndo uanze kueleza, wengi wanapotezea maksi hapo.