Jibu: Maandalizi ya nyumba iliyo chini ya mlima, Mbeya

Ndugu, umeuliza familia ya watu watano inayokaa chini ya mteremko iandae nini kabla mvua hazijashika. Tochi na betri wenzangu wameshakutajia; mimi naanza na maji, maana tope likivunja bomba, foleni ya maji haina mwenyewe.

Kunywa na kupika, weka lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba usiliguse, hata ulisugue vipi. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa, kwani uchafu hula klorini. Kisha tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 9: matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Yakiwa bado na ukungu baada ya kuchuja, tia matone 4 kwa lita. Ukichemsha, mjini dakika 1 ya kutokota yatosha. Kwenye uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,000, acha dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto dogo zaidi.

Mlima nao si wa kupuuza, maporomoko ya tope ya Itezi, hapa Mbeya, Aprili 2024 mnayajua. Nyufa mpya ardhini, nguzo kuinama, mlango kugoma kufunga, kijito kuchafuka ghafla: toka, kimbilia pembeni mwa njia ya tope, usishuke nalo bondeni. Zimamoto ni 114.

Na jiko la mkaa lisilale chumbani, baridi iwe kali vipi.