Streini tatu, misogeo miwili: mbona hazikubali?

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa uhandisi, Kisauni: Mwalimu, nimechukua bamba nikajiandikia streini zake, yaani kiasi linavyonyooka upande wa x (εx), upande wa y (εy) na linavyopinda pembe zake (γxy): εx = ky², εy = 0 na γxy = 0, k ikiwa namba isiyobadilika. Kila nikifanya integrali nipate msogeo nakwama. Nakosea wapi?

Jibu: Integrali zako ziko sawa kijana wangu, kosa liko kule mwanzo, bamba lenye streini hizo halipo. Hebu tizama, tuite u msogeo wa upande wa x na v wa upande wa y, εx yakupa u = kxy² + f(y), halafu εy ikiwa sufuri v inabaki ya x peke yake, tuiite g(x), sasa zitie kwa γxy = ∂u/∂y + ∂v/∂x upate 2kxy + f'(y) + g'(x) = 0, na hiyo 2kxy imeshikanisha x na y, hakuna f wala g ya kuimaliza. Ndo hapo ulipokwama.

Streini ni tatu, misogeo ni miwili tu, kwa hivo huwezi kujichagulia zote tatu utakavyo. Ni kama sakafu ya taili, ng'oa kila taili uitanue kivyake, ukirudi kuzipanga zingine zaacha mwanya zingine zapandana. Sharti la kufanya zikae sawa lilitoka kwa Saint-Venant, mhandisi Mfaransa wa karne ya 19:

∂²εx/∂y² + ∂²εy/∂x² = ∂²γxy/∂x∂y

Zako kushoto ni 2k, kulia sufuri. Jaribu γxy = 2kxy, itakubali hapo hapo, u = kxy² na v = 0.

Programu za finaiti elementi, zile za kompyuta zinazokata kitu vipande vidogo (elementi), hazikuulizi haya sababu zaanza na msogeo wenyewe, ndani ya elementi sharti lishatimia. Anayeanza na stresi (nguvu za ndani kwa kila eneo), kama ile njia ya Airy ya kutoa stresi zote kwa fomula moja, huyo lazima akague.

Lakini bamba likiwa na tundu ujihadhari, hapa hata mimi nilisumbuka sana nikisoma. Chukua bangili, sonara aikate kipande chembamba, avute ncha mbili azichomee. Hakuna anayeisukuma lakini ndani ina stresi, na ajabu ni kwamba ile ikwesheni inakubali kila nukta, ila ukifuata msogeo ukazunguka duara zima haurudi pale ulipoanzia. Volterra, mwanahisabati Mwitaliano, aliyachambua haya 1907. Basi kama bamba lako lina tundu la bolti, lizungushie tundu hilo integrali ya msogeo na ya mgeuko (pembe ambayo nukta imegeuka) pia, zikija sufuri zote tatu, kwa u, kwa v na kwa mgeuko, endelea na kazi.